Namba Moja, Mara Kumi: Jinsi ya Kusoma pH

Muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu swali hili: mmumunyo wenye pH 3 una ayoni za haidrojeni mara ngapi zaidi ya ule wenye pH 6? Wengi watajibu "mara mbili", kwa kuwa sita ni mara mbili ya tatu. Jibu ni mara 1,000. Ukishaelewa kwa nini ni 1,000, sehemu kubwa ya mada ya asidi na besi inakuwa nyepesi. Usipoelewa, utabaki kukariri jedwali la rangi ambalo litakutoka kichwani muda mfupi baada ya mtihani.

Mwongozo huu ni wa anayeanza kemia, na wa mzazi au mwalimu anayekaa naye mezani kumsaidia. Utakuonyesha pH inahesabu nini, vifaa vya kuipimia vinasema kweli hadi wapi, na jambo moja kubwa ambalo pH peke yake haiwezi kukuambia.

Kinachohesabiwa

Maji yoyote yana ayoni za haidrojeni ndani yake, hata yakiwa safi kabisa. Katika lita moja ya maji safi yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi kuna moli 0.0000001 za ayoni hizo. Katika maji ya limau ni nyingi zaidi, karibu moli 0.01 kwa lita. Katika maji ya chokaa yaliyokolea kabisa hubaki chache mno, kiasi cha moli 0.0000000000004 hivi. Jaribu kuandika namba kama hizo kwenye daftari la maabara siku nzima bila kuruka sifuri hata moja.

Mwaka 1909 mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika Maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, alikuwa akichunguza vimeng'enya. Vimeng'enya hubadilika tabia hata asidi ikibadilika kidogo tu, kwa hiyo alihitaji kuandika ukolezi wa ayoni za haidrojeni mara kwa mara na kwa uhakika. Akapendekeza kuandika kipeo cha kumi peke yake. Namba 0.0000001 ni sawa na 10⁻⁷. Ondoa alama ya kutoa, unabaki na 7. Namba 0.01 ni 10⁻², nayo inakuwa 2. Hiyo ndiyo pH.

Mambo mawili yanafuata hapo hapo. La kwanza, namba inakwenda kinyume: ayoni zikiongezeka, pH inashuka. La pili, kila hatua moja ya pH ni mara kumi. Kutoka 6 hadi 5 ni mara kumi, kutoka 6 hadi 4 ni mara mia, na kutoka 6 hadi 3 ni mara elfu. Kwa hiyo usisome pH kama unavyosoma kilo au sentimita. Kilo sita ni mara mbili ya kilo tatu, lakini pH 6 si mara mbili ya kitu chochote.

Zoezi ambalo lingepaswa kutangulia rangi

Shuleni mada hii huanza kwa karatasi za rangi. Naona huko ni kuanzia mwisho. Zoezi la kwanza lingekuwa kuzimua asidi, kwa sababu mwanafunzi anazitengeneza zile hatua za kumi kwa mikono yake.

Chukua asidi ya haidrokloriki yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita, ile ambayo mwalimu ameshaitayarisha. pH yake ni 1. Pima kwa pipeti sentimita za ujazo 10, tia kwenye chupa ya kipimo, ongeza maji hadi 100, tikisa. Sasa ukolezi ni 0.01 na pH ni 2. Kutoka kwenye mmumunyo huo mpya chukua tena 10, ongeza maji hadi 100: pH 3. Endelea hadi 4, halafu 5. Ukifika 5, kila tone la ile asidi ya mwanzo limeenea katika maji mara 10,000 ya ujazo wake. Ndipo unapoona kwa nini mtu aliyemwagikiwa na asidi huambiwa ajimwagie maji mengi, kwa dakika nyingi, bila kuacha: glasi moja ya maji inasogeza pH hatua moja au mbili tu.

Ukiendelea kuzimua, unafika kwenye mtego ambao watungaji wa mitihani wanaupenda. Kwa hesabu ya moja kwa moja, asidi yenye ukolezi wa 10⁻⁸ ingekuwa na pH 8, yaani ingegeuka besi. Asidi haigeuki besi kwa kuongezewa maji. Kinachotokea ni kwamba sasa maji yenyewe yana ayoni nyingi kuliko zile zilizoletwa na asidi, kwa hiyo lazima uzihesabu zote mbili. Jibu sahihi ni karibu 6.98. Unaweza kuzimua mpaka kesho. Utaisogelea 7 lakini hutaivuka.

Ukipata namba isiyo kipeo kamili cha kumi, tumia logi: pH ni logi ya ukolezi wa ayoni za haidrojeni, ikigeuzwa alama. Jifunze kwa moyo thamani moja tu, logi ya 2, ambayo ni 0.30. Inatosha kwa mambo mengi. Ukolezi ukiongezeka maradufu, pH inashuka kwa 0.3. Asidi ya 0.001 ina pH 3, ya 0.002 ina pH 2.7. Sasa tazama damu ya binadamu, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Daktari akiona 7.1 hashangai kwamba "imepungua nukta tatu". Anaona kwamba ayoni za haidrojeni zimekuwa maradufu ya zile za 7.4, na anaharakisha. Vivyo hivyo kwa bahari. Wanasayansi wanaposema pH ya uso wa bahari imeshuka kwa takribani 0.1 tangu viwanda vilipoanza kutoa kaboni dayoksaidi kwa wingi, wasiojua hufikiri ni jambo dogo. Kushuka kwa 0.1 ni ongezeko la ayoni za haidrojeni la kiasi cha asilimia 26, na matumbawe ya pwani yetu yanajenga mifupa yao ndani ya maji hayo hayo.

Kwa sababu hiyo hiyo usitafute wastani wa pH kwa kujumlisha na kugawanya. Changanya ujazo sawa wa asidi ya haidrokloriki ya pH 3 na ya pH 5: hupati 4, unapata karibu 3.3, kwa kuwa ile ya pH 3 ina ayoni mara mia zaidi na ndiyo inayotawala mchanganyiko. Badilisha kwanza pH kuwa ukolezi, pata wastani wa ukolezi, kisha rudi kwenye pH.

Upande wa besi hesabu ni ile ile ila unaanzia kwa ayoni za haidroksidi. Kwenye nyuzi 25, kipeo cha haidrojeni na kipeo cha haidroksidi vikijumlishwa vinatoa 14. Sodiamu haidroksidi ya 0.01 ina kipeo cha haidroksidi 2, kwa hiyo pH ni 12. Kuwa mwangalifu na kalsiamu haidroksidi: kila kipande kimoja kinaachia haidroksidi mbili, hivyo ya 0.01 inatoa 0.02, na pH ni 12.3. Na pH haikomi kwenye 0 wala 14. Asidi ya haidrokloriki iliyokolea inayotoka kiwandani iko chini ya 0. Ni karatasi za shuleni tu zinazoishia hapo.

Rangi zinasema nini

Mpishi yeyote wa pilau ya manjano anajua kiashiria, yaani kitu kinachogeuka rangi pH inapobadilika, hata kama hajawahi kuingia maabara. Doa la manjano kwenye kitambaa cheupe likiguswa na sabuni ya kipande linageuka jekundu lenye ukahawia; ukisuuza vizuri au ukikamulia limau, linarudi kuwa la njano. Rangi ya manjano hubadilika katika eneo dogo tu, pH inapovuka 7 kuelekea 8 na kitu. Hiyo ndiyo tabia ya viashiria vyote: kila kimoja kina eneo lake la kugeukia, na nje ya eneo hilo hakina la kukuambia.

Litmasi, ambayo asili yake ni rangi zinazotolewa kwenye kuvumwani, hugeuka taratibu kati ya 5 na 8 hivi. Inakujulisha upande tu. Limau na maji ya mabungo yote yataifanya nyekundu, wala huwezi kusema lipi ni kali zaidi. Fenolifthalini haina rangi chini ya 8.2 na ni ya waridi ikikaribia 10. Methili oranji ni nyekundu chini ya 3.1 na ya njano juu ya 4.4.

Kosa linalorudi kila mwaka ni hili: mwanafunzi anatia fenolifthalini kwenye maji, haoni rangi, anaandika "ni asidi". Hapana. Ameonyeshwa tu kwamba pH iko chini ya 8.2 au karibu yake. Inaweza kuwa 7, inaweza kuwa 2. Mwingine anatia methili oranji, anaona njano, anaandika "ni besi", wakati siki iliyozimuliwa sana hadi pH 5 nayo huonyesha njano. Dawa yake ni kutumia viashiria viwili kwenye sampuli mbili za maji yale yale. Fenolifthalini haikupata rangi, methili oranji imekuwa ya njano: basi pH iko kati ya 4.4 na 8.2. Sasa umesema jambo la kweli.

Nyumbani unaweza kutengeneza kiashiria kwa maua makavu ya rosela, ambayo wengine huyaita choya. Yachemshe kwenye maji kidogo, chuja, acha yapoe. Tia kijiko kimoja kwenye glasi yenye maji ya limau, kingine kwenye maji ya kawaida, kingine kwenye maji yaliyoyeyushwa magadi. Limau litabaki jekundu kali, na magadi yataelekea kijani. Usiutumie mchanganyiko huu kujaribia dawa ya kupaushia nguo, kwani dawa hiyo huiua rangi yenyewe. Hata litmasi hugeuka bluu kwa muda mfupi, kisha inakuwa nyeupe, na kilichotokea hapo si kipimo tena. Na usichanganye kamwe dawa ya kupaushia na siki, limau wala dawa ya kusafishia choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Vilevile usionje kitu chochote cha maabara ili kujua kama ni kichungu au kichachu, hata kama kitabu kimeeleza asidi na besi kwa ladha zake.

Karatasi ya kiashiria cha mchanganyiko, ile yenye rangi kuanzia nyekundu hadi zambarau, ni msaada mkubwa, lakini iandike kama inavyostahili. Rangi ikiangukia kati ya ile ya 5 na ya 6, andika "kati ya 5 na 6". Ukiandika 5.47 kwa karatasi, umeandika namba uliyoitunga.

Kipima pH

Ukihitaji desimali, unahitaji kifaa chenye elektrodi ya kioo. Kioo chembamba kilicho nchani hujenga volti ndogo kulingana na tofauti ya ayoni za haidrojeni ndani na nje: takribani milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH kwenye nyuzi 25. Kifaa kinapima volti, kisha kinaigeuza kuwa pH. Mwaka 1934 Arnold Beckman, wa California nchini Marekani, alitengeneza kipima asidi cha kielektroniki kwa ajili ya rafiki yake mkemia aliyehitaji kupima asidi ya maji ya malimau viwandani. Kikawa baba wa vipima pH vinavyouzwa leo, pamoja na vile vidogo vya umbo la kalamu.

Kwa kuwa kifaa kinatafsiri volti, kinahitaji kufundishwa kabla ya kazi. Kila siku ya kupima, kisawazishe kwa bafa mbili angalau. Bafa ni mmumunyo ambao pH yake inajulikana na haiyumbishwi kirahisi. Zinazouzwa sana ni za 4, 7 na 10. Anza na 7, kisha chagua ile iliyo upande wa sampuli yako: ya 4 kwa juisi, ya 10 kwa maji ya magadi. Suuza elektrodi kwa maji yaliyotoneshwa kati ya kimiminika na kimiminika, kausha kwa kugusisha karatasi laini bila kusugua, subiri namba itulie. Bafa iliyokwisha kutumika usiirudishe chupani. Ukimaliza, hifadhi ncha ndani ya mmumunyo wa potasiamu kloridi unaokuja na kifaa. Wengi huiacha ndani ya maji yaliyotoneshwa wakidhani wanaitunza, kumbe wanaiharibu polepole.

Maji yaliyotoneshwa yenyewe yana kisa chake. Mwanafunzi anayapima akitegemea 7, anapata 5.6 au 5.8, anadhani kifaa kimeharibika. Kifaa ni kizima. Maji yaliyokaa wazi yamevuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kutengeneza asidi ya kaboni kidogo. Mvua safi nayo iko karibu na 5.6 kwa sababu hiyo hiyo, na haistahili kuitwa mvua ya asidi. (Ukiyanunua maji haya kituo cha mafuta, hakikisha umepewa maji ya kuongezea betri, si asidi ya betri, chupa hukaa rafu moja.)

Joto pia liandikwe. Kwenye nyuzi 37 maji yasiyoegemea upande wowote yana pH karibu 6.8, na yakichemka karibu 6.1. Hayajawa asidi: haidrojeni na haidroksidi zimeongezeka sawasawa, na alama ya katikati yenyewe ndiyo imesogea.

Kile ambacho pH haikioni

Weka mezani bika mbili, moja na asidi ya haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, nyingine na asidi ya siki ya ukolezi ule ule. Ya kwanza inasoma 1, ya pili karibu 2.9. Kwa pH peke yake utasema ya pili ina asidi kidogo mno. Sasa chukua sentimita za ujazo 25 za kila moja, tia matone ya fenolifthalini, na kwa bureti ongeza sodiamu haidroksidi ya 0.1 mpaka rangi ya waridi ibaki. Zote mbili zitakula sentimita za ujazo 25 za besi. Akiba yao ni sawa. Tofauti ni kwamba molekuli za asidi ya haidrokloriki zimeachia haidrojeni zao zote, na zile za siki nyingi bado zimezishikilia. Kila besi inapomaliza zilizo huru, siki inaachia nyingine. pH ni hela iliyo mkononi. Iliyo benki haiioni. Ndiyo maana neno "kali" na neno "iliyokolea" katika kemia ni mambo mawili, na mwanafunzi anayeyachanganya atapoteza alama bila kujua kwa nini.

Mkulima anakutana na jambo hili shambani. Chai hupenda udongo wa pH 4.5 hadi 5.5, mahindi huhitaji zaidi ya 5.5, kwa sababu chini ya hapo alumini iliyomo udongoni huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi. Udongo hupimwa kwa kuchanganya sehemu moja ya udongo mkavu na sehemu 2.5 za maji, kutikisa, kuacha utulie, kisha kupima. Tuseme mashamba mawili yamesoma 5.0, moja la kichanga na jingine la mfinyanzi. Ukiyapa chokaa kiasi kimoja, la kichanga litapanda na la mfinyanzi litabaki karibu pale pale, maana mfinyanzi na mboji vimeshikilia haidrojeni na alumini nyingi ambazo kipimo cha kwanza hakikuziona. Anayekuuzia chokaa kwa kutazama pH tu, bila kuuliza aina ya udongo, anabahatisha kwa hela yako.

Upande wa besi mfano mzuri uko Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ambako pH ya maji mara nyingi huzidi 10. Ukitaka maji ya pH 10 maabara, weka moli 0.0001 tu za sodiamu haidroksidi katika lita moja. Matone mawili matatu ya siki ya dukani yanatosha kuyamaliza. Lita moja ya maji ya Natron yenye pH hiyo hiyo ingeyameza matone hayo bila kubadilika, kwa kuwa yamejaa kabonati na baikabonati, jamii ya magadi. Ndiyo maana wapima maji huandika namba mbili tofauti: pH, na kiasi cha asidi ambacho maji yanaweza kukila kabla ya kushuka.

Malizia kwa swali hili la kujipima. Visima viwili vinasoma 7.4. Kwenye lita moja ya maji ya kila kisima umetia matone 10 ya siki. Maji ya kisima cha kwanza yameshuka hadi karibu 4.7, ya pili yamesimama karibu 7. Kimoja kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe wa pwani, kingine kwenye mchanga wa mawe ya granaiti usio na chokaa. Kipi ni kipi, na birika la nyumba gani litaota ukoko mweupe? Kisima cha pili ndicho cha matumbawe: maji yake yamebeba baikabonati iliyotoka kwenye mwamba, hiyo ndiyo iliyoila siki, na hiyo hiyo, maji yakichemshwa kila siku, ndiyo itakayoganda ndani ya birika.